Neno Dogo Lililopanda Vigingi

Miaka kumi na miwili sasa mimi ni karani wa Serikali hapa Kisumu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za mikutano na kutengeneza barua kwa Kiingereza. Watu wengi hudhani kwamba karani hana kazi ila kukaa kitini, kunywa chai, na kumwambia mkulima arudi kesho. Sikatai, wako wa namna hiyo. Lakini leo nataka kuwaeleza ndugu zangu wakulima, na hasa makarani wenzangu, habari ya neno moja la Kiingereza, yaani "agree", na yale maneno madogo yanayoliandama. Jinsi mimi niliyejiona bingwa wa lugha hiyo nilivyolikosea, na jinsi kosa langu lilivyofika mpaka ndani ya boma la mtu asiyejua Kiingereza hata kidogo.

Nilisoma katika shule ya sekondari iliyoanzishwa na misioni, nikamaliza mwaka 2006. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu mpole, lakini alipenda mambo yakae kwa safu kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Alituamuru kila mmoja wetu awe na daftari dogo. Upande wa kushoto tuandike neno, na upande wa kulia tuandike lile neno dogo linalolifuata, ambalo wataalamu wa sarufi huliita kihusishi. Kila jioni kabla ya sala tuliyasoma kwa sauti moja: "accuse of", "charge with", "blame for". Hapana aliyethubutu kuuliza kwa nini mshtakiwa yule yule, mbele ya hakimu yule yule, akisemwa kwa neno hili ahitaji "of", na akisemwa kwa lile ahitaji "with". Tulikariri, tukafaulu mtihani, na wengine wetu tukapata kazi kwa sababu ya daftari lile.

Juu ya neno "agree" mwalimu alitupa kanuni fupi ambayo kila mtoto aliweza kuishika: ukikubaliana na mtu, andika "with", ukikubali pendekezo, andika "to". Mtu, "with", pendekezo, "to". Kanuni ile niliitunza kama mtu atunzavyo hati ya shamba. Hata nilipoajiriwa nilikuwa nikiwasahihisha wenzangu kwayo, tena kwa sauti ya kusikika chumba kizima.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Wasomaji wa pande hizi wanakumbuka jinsi ziwa lilivyopanda mwaka 2020, likaingia katika mashamba na nyumba za watu wa pwani, na jinsi mto Nyando unavyofurika mara kwa mara na kuzilaza tambarare za Kano chini ya maji. Wazee walisema maji ya namna ile hawakuyaona tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Basi mwaka 2023, mwezi wa Februari, afisa mmoja aliitisha baraza katika kijiji kimoja cha Kano, ambacho sitakitaja, ili kuwaeleza watu habari ya tuta la kuzuia maji. Tuta lile lilihitaji ukanda wa ardhi, na ukanda wenyewe ulipita kando ya maboma ya watu. Mimi nilikwenda kama karani wa mkutano, pamoja na kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi ofisini mwetu.

Afisa alisema kwa muda mrefu. Alieleza kwamba maji yatarudi, kwamba watoto hawawezi kwenda shule wakati wa gharika, kwamba choo kikijaa maji huleta kipindupindu, na kwamba hapana dawa ila tuta. Alipomaliza, mzee mmoja wa makamo ya juu akasimama, akashika fimbo yake, akasema kwa Kijaluo, "Wayie gi wachno." Wenziwe wakapiga makofi. Afisa akashukuru, sala ikasomwa, soda zikagawanywa, tukapanda gari tukarudi mjini kabla ya mvua.

Asiyejua Kijaluo nimfahamishe. Neno "yie" ni kuamini, tena ni kukubali, tena ni kuitikia. Mkristo anayemwamini Mungu hutumia neno hilo hilo. Na "gi" ni "na", kama usemavyo "pamoja na". Kwa hiyo maneno ya mzee, ukiyapeleka moja moja, ni kama kusema, "Tumekubali na jambo hilo." Kwa Mjaluo ni maneno kamili, naye huifahamu maana yake kwa uso wa msemaji, na kwa yaliyosemwa kabla na baada yake. Lakini karatasi haina uso.

Siku ya pili yule kijana akaniletea kumbukumbu alizokwisha kuzipiga kwa kompyuta. Katika aya ya sita ameandika kwamba wakazi "agreed with" pendekezo la afisa. Nilifurahi kuliona kosa, maana, nikiri kweli, mtu mwenye elimu ndogo ya kujivunia hufurahi sana kuona kosa la mwenziwe. Nikatoa kalamu nyekundu. Nikakata "with", nikaandika "to" juu yake, nikamwita kijana mbele ya wenzake wanne, nikamsomea kanuni: mtu, "with", pendekezo, "to". Kijana akaanza kusema, "Bwana, mimi nilikaa karibu na wazee, nikasikia..." Nikamkatiza. Nikamwambia sarufi haiulizwi wazee. Wenzake wakacheka. Yeye akachukua karatasi, akasahihisha, akaipeleka kutiwa sahihi.

Tazameni jambo hili: kompyuta, ambayo huweka mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa hata herufi moja, haikuweka mstari wowote, wala aliposema kijana wala niliposema mimi. Sentensi zote mbili zilikuwa Kiingereza safi.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja nikamwona yule mzee wa baraza mlangoni mwa ofisi, viatu vimejaa vumbi, kofia mkononi. Alikuwa amesafiri na matatu ya alfajiri.

"Karibu, jaduong'," nikamwambia, nikampa kiti.

Hakukaa. "Mwanangu," akasema, "wewe ndiwe uliyekuwa ukiandika siku ile?"

"Ndimi, mzee."

"Uliandika kwamba mimi nimesema nini?"

Nikafungua faili, nikamsomea aya ya sita kwa Kijaluo kama ilivyokuwa kwa Kiingereza, yaani kwamba wakazi wameliridhia pendekezo. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Kalamu yako imesema nimetoa. Mimi sikutoa. Mimi nilisema nimeona kile alichokiona yule bwana. Mtu akija akaniambia, nyumba yako inavuja, nami nikamjibu, naam, inavuja, je, nimempa ruhusa ya kupanda juu ya paa langu?"

Akanieleza kwamba wapimaji walikuja na kamba na vigingi. Kigingi kimoja kimesimamishwa ndani ya ua wake wa minyaa, na kingine hatua mbili tu kutoka kaburi la baba yake. Alipowauliza kwa idhini ya nani, wakamwonyesha nakala ya kumbukumbu zangu. Na kwa kuwa ardhi ilidhaniwa kuwa imetolewa kwa hiari, hapana aliyetaja fidia. Ijapokuwa Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, yasema kwamba mtu akichukuliwa mali yake kwa ajili ya manufaa ya umma sharti alipwe fidia ya haki, tena upesi. Fidia hulipwa aliyenyang'anywa. Aliyetoa mwenyewe huambiwa asante.

Jioni ile sikwenda kutembea ziwani kama ilivyo desturi yangu. Nilikaa na kamusi ya Kiingereza ya Hornby niliyopewa shuleni kuwa zawadi. Nifanye mchepuko kidogo hapa, maana mtu huyu astahili kutajwa. A. S. Hornby alikuwa Mwingereza aliyefundisha Kiingereza kule Japani, akaiona kwa macho taabu ya wageni, akatunga pamoja na wenzake kamusi isiyoeleza maana tu, bali yaonyesha neno hutumiwaje na lafuatwa na nini. Ilichapwa kwanza Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford wakaitoa mwaka 1948, na mpaka leo watoto wa shule za Kenya hununua vitabu vilivyotokana nayo. Kabla yake, Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kuonya kwamba vitenzi vya Kiingereza vikiongezwa maneno madogo hugeuka maana, na kwamba hapo ndipo mgeni hupata shida kubwa. Basi shida yetu ni ya zamani, wala si ya Mwafrika peke yake.

Nikalisoma neno "agree" mstari kwa mstari. Nikaona kwamba kanuni ya mwalimu si uongo, lakini ni nusu ya kweli. Mwaweza kabisa kusema "agree with" na nyuma yake pakawa pendekezo, si mtu. Maana yake ni kwamba mwaliona kuwa jema au la kweli, rai yenu ni moja nalo. Hamjatoa kitu. Ukisema "agree to" umeitikia, umefungua mlango, jambo lipate kutendwa. Na ukisema "agree on", pande mbili zimeketi, zimevutana, zikafika mahali pamoja, kama bei ya ng'ombe. Kihusishi hakichaguliwi kwa kutazama neno lililo mbele yake, kama ni mtu au kitu. Huchaguliwa kwa kuuliza yule msemaji alifanya nini: aliona, au alitoa, au alipatana? Daftari langu la shule halikuwa na safu ya swali hilo.

Kwa nini jambo hili latushinda sisi? Nadhani ni kwa sababu lugha zetu hufanya kazi hii mahali pengine. Mtu wa kwetu husema, "Nilikwenda kwa mjomba kwa baiskeli, nikakaa kwake kwa saa mbili, nikaandika barua kwa wino." Hizo "kwa" zote Mwingereza atazigawa mafungu: atataka "to", "by", "at", "for" na "in". Tena mara nyingi sisi hatuhitaji neno la nje, kwa maana kitenzi chenyewe hubeba mzigo tumboni mwake. Andika, andikia, leta, letea, piga, pigia. Edward Steere, aliyekuwa katika misioni ya Unguja na baadaye akawa Askofu, aliieleza hali hiyo ya kutendea katika kitabu chake cha mwaka 1870, na Bibi Ashton katika sarufi yake ya mwaka 1944 aliilinganisha na vihusishi vya Kiingereza. Kwa hiyo mtoto wetu anapojifunza Kiingereza, hutafuta nje ya kitenzi kitu alichozoea kukikuta ndani, naye huokota cho chote kilicho karibu.

Lakini msinielewe vibaya, sisemi kwamba Kiswahili kingeniokoa. Kama ningaliandika "wakazi walikubali pendekezo la afisa", vigingi vingalipandwa vile vile, maana "kukubali" kwetu ni neno pana kama "yie" ya Kijaluo. Tofauti ni kwamba Kiswahili kinayo maneno kamili, kila moja na kazi yake, kwa mtu asiye mvivu wa kuyatafuta. Mtu huafiki rai. Mtu huridhia tendo. Watu hupatana masharti. Tangu siku ile nimejiwekea desturi: kabla sijagusa kihusishi cha Kiingereza nyuma ya "agree", hujiuliza kwanza kwa Kiswahili, huyu mtu aliafiki, aliridhia, au walipatana? Akiwa aliafiki, naandika "with". Akiwa aliridhia, naandika "to". Wakiwa walipatana, "on". Na nikiwa sijui, sina budi kurudi kumwuliza, hata kama ni safari ya saa mbili na nauli ni yangu.

Yako na matumizi mengine ambayo hayana hatari. Mwingereza husema kwamba chakula fulani hakiko "agree with" naye, maana yake kinamsumbua tumbo. Mgeni mmoja aliwahi kutuambia hivyo juu ya omena, na mpishi akadhani kuna ugomvi. Tena siku hizi huko Uingereza wengine huondoa kihusishi kabisa wakasema wame-"agree" bei au masharti. Afisa mmoja kijana wa Nairobi alinirudishia barua yangu ameifuta "on" yote, nami nilitaka kuirudisha, mpaka nikaona katika kamusi kwamba wote wawili tuna haki. Waingereza wenyewe hugombana: wako wasemao neno "different" lazima lifuatwe na "from", hali Fowler, mwamuzi wao mkubwa, aliandika mwaka 1926 kwamba kuikataza "to" ni ushirikina tu. Na sisi makarani tunayo madoa yetu. Katika ofisi nyingi za Kenya hutasoma kumbukumbu bila kukuta kwamba wajumbe wali-"discuss about" jambo fulani, ambapo "about" haitakiwi hata kidogo. Ni aibu, lakini hapana mtu aliyepoteza kaburi la baba yake kwa sababu ya "about".

Msomaji asidhani nakuza jambo. Shuleni tulisoma habari ya mkataba wa Wuchale, uliofanywa mwaka 1889 baina ya Menelik wa Pili wa Ethiopia na Serikali ya Italia. Katika kifungu cha 17, maandishi ya Kiamhara yalisema kwamba Mfalme aweza kuitumia Serikali ya Italia katika mashauri yake na mataifa mengine. Maandishi ya Kitaliano yalisema kwamba amekubali kuitumia. Aweza, amekubali. Waitalia wakaenda wakatangaza Ulaya kwamba Ethiopia imo chini ya ulinzi wao. Menelik akaukataa mkataba, na mwisho wake ulikuwa vita vya Adwa, mwezi wa Machi mwaka 1896, ambapo jeshi la Italia lilishindwa na maelfu ya watu wakafa pande zote mbili. Nilipokuwa mwanafunzi nililiona jambo hili kuwa ujanja wa wafalme. Usiku ule niliona kwamba palikuwa na karani mahali fulani, ameinama mezani, akichagua neno.

Asubuhi nilikwenda kwa mkubwa wangu na karatasi mbili: kumbukumbu zilizotiwa sahihi, na barua yangu ya kukiri. Nilikuwa nimeiandika mara tatu. Katika ile ya kwanza nilisema kwamba "kosa lilitokea". Katika ya pili, kwamba "kosa lilitokea wakati wa kusahihisha". Katika ya tatu nikaandika kwamba mimi ndimi niliyelikata neno la kweli nikaweka la uongo. Mkubwa alisoma, akakunja uso. "Haya ni mambo ya sarufi," akasema. "Wapimaji wamekwisha lipwa." Nikanyamaza. Akasoma tena ile aya ya sita, akaipeleka karibu na dirisha kama kwamba kihusishi kingeonekana vizuri zaidi penye mwanga. Mwisho akaniuliza, "Ni nani aliyeandika 'with' hapo kwanza?" Nikamtaja yule kijana. Akatikisa kichwa, akaamuru baraza la pili liitishwe, na kazi ya vigingi isimame.

Nilipewa barua ya onyo, imo katika faili langu hata leo. Ndani yake nimeshtakiwa kwa kushindwa "to comply to" maagizo ya ofisi. Wasomaji waliokaa na daftari kama langu watajua kwamba hapo panatakiwa "with". Nilitia sahihi ya kupokea, nikanyamaza.

Kumwomba radhi kijana kulinishinda kwa siku mbili. Si kwamba sikujua maneno. Nilijua kwamba nilimwaibisha mbele ya watu wanne, na haki ni kumwinua mbele ya wanne wale wale. Siku ya tatu, wakati wa chai, nikasimama nikasema kwamba aya ya sita ilikuwa sawa kabla sijaigusa, na kwamba nilimkatiza alipotaka kunieleza. Kisha nikamwuliza alichokisikia siku ile. Akasema kwamba wazee, walipokuwa wakipiga makofi, walikuwa wakinong'onezana, "Haya, tutakwenda kuzungumza nyumbani." Ndiyo maana aliandika "with". Hakuwa anaijua kanuni yo yote. Alikuwa amesikiliza.

Baraza la pili lilikuwa mwezi wa Aprili, chini ya mwembe, siku ya mawingu. Safari hii nilisoma kumbukumbu za mkutano wa kwanza kwa Kijaluo kuanzia mstari wa kwanza hata wa mwisho, kabla ya jambo lingine lolote, na nilipofika aya ya sita nikawaambia watu kwamba imekosewa na mimi ndimi niliyeikosea. Palikuwa na manung'uniko. Mama mmoja akauliza, kama karani aweza kukosea hivyo kwa herufi mbili, amekosea mara ngapi katika barua ambazo hawakuzisikia zikisomwa? Sikuwa na jibu, wala sinalo sasa.

Walizungumza kutoka saa nne hata saa tisa. Afisa alileta ramani, wazee wakaileta yao, iliyokuwa vichwani mwao na ilikuwa na mambo mengi zaidi: njia ya ng'ombe, kisima cha zamani, mahali palipozikwa mapacha. Mstari wa tuta ukasogezwa hatua ishirini kuelekea mtoni, ukaacha maboma na makaburi nyuma yake. Minyaa na miti ya matunda itakayokatwa ikaandikwa mmoja mmoja ili ithaminiwe. Mke mmoja ambaye mumewe yuko kazini Mombasa alikataa kusema lo lote mpaka mumewe apigiwe simu, naye akapigiwa, na simu ikapitishwa mkono kwa mkono.

Mwisho yule mzee akasimama tena na fimbo yake, akasema maneno yale yale, "Wayie gi wachno." Watu wakaanza kupiga makofi. Mimi nikainua mkono. Nikamwambia, "Jaduong', niwie radhi, mimi ni mtu wa karatasi. Unasema umeliona jambo hili kuwa jema, au unasema umelitoa?"

Akanitazama muda, kisha akacheka, na watu wakacheka naye. Akasema, "Kwanza tumepatana. Kisha nimetoa, hapo kwenye alama mpya, si pale pa kwanza. Na andika kwamba nimetoa baada ya kuulizwa."

Katiba yetu, kifungu cha 7, yasema kwamba Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi, ijapokuwa ofisi nyingi huandika kama kwamba moja imesahauliwa. Kwa hiyo yule kijana aliandika kumbukumbu kwa lugha mbili, ukurasa umegawanywa katikati. Upande mmoja: wakazi na afisa walipatana juu ya mpaka mpya, na wenye mashamba wakaridhia tuta lipite hapo. Upande wa pili "agreed on" ikasimama mbele ya mpaka, na "agreed to" mbele ya tuta. Mimi nilisoma tu. Kalamu nyekundu niliiacha mezani Kisumu.

Kabla hajaweka sahihi, mzee aliomba aonyeshwe lile neno lililomletea wapimaji. Nikamwonyesha "to" kwa ncha ya kalamu. Akainama, akaweka ukucha wa kidole gumba juu yake, na herufi zote mbili zikafunikwa. Akaondoa ukucha, akatazama tena, akaniomba kalamu.